Jini Aliyekula Mbegu za Pamba

Mwanangu, niliwahi kuamini, tena kwa moyo mmoja, kwamba chini ya mashamba ya kijiji chetu cha Mbau alikuwa anakaa jini mwenye matumbo saba. Chakula chake mbegu za pamba tu. Mahindi hagusi, muhogo hagusi. Ndiyo maana, tuliambiwa, zama za Wareno pamba ilikataa kuota kwetu. Mimi nikamwongezea ndevu za kufika Mucojo, mbali na kwetu, na kila niliposimulia zikazidi kurefuka.

Nakueleza haya kwa sababu jana uliangalia kwenye simu filamu ya watu weusi wakifanyishwa kazi kwa viboko, ukaja hapa Quitunda ninapokaa sasa kuniuliza kwa hasira, "Mzee, kwa nini walikubali tu?" Swali hilo na mimi niliwahi kuliuliza, na nusura linikosanishe na bibi yangu mpaka kaburini.

Tulikuwa tumeshapata uhuru. Gari la sinema likaja Mbau na filamu iliyounganishwa kwa picha walizopiga Wareno wenyewe kwenye mashamba yetu. Ilionyeshwa mchana, ndani ya ghala la zamani la pamba, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Tulijaa hadi kuta zikavimba, wallahi. Nikakaa karibu na Bibi, mama mzaa baba, aliyenilea, nikimsubiri jini wangu atokee.

Hakutokea. Walitokea wanawake wamejipanga mstari, wameinama, wanafukia mbegu za pamba kimya kimya, na nyuma yao sipai, askari mweusi wa Mreno, ameshika kiboko. Hakuna aliyetupa jembe. Hakuna hata aliyegeuka.

Nikasimama kwenye mwanga wa mashine, kivuli changu kikafunika ukuta mzima.

"Hawa ni wazee wetu au kondoo?" nikauliza.

Vijana wakacheka. Bibi akajifunga kanga yake, akatoka.

Tangu siku hiyo akaacha kuniita "mume wangu", utani wa bibi kwa mjukuu. Akawa ananiita kwa jina langu kamili, kama karani wa serikali. Chakula alinipa, maneno hakunipa. Nami kichwa kikavurugika. Kama jini alikula mbegu, kwa nini watu walichapwa ili wazipande? Kama watu walikuwa kondoo, pamba ilishindwa na nani? Na Mreno mwenye kamera si angempiga picha jini huyo? Nilizunguka na maswali hayo hadi nikawa natia chumvi kwenye chai, nakunywa, nasifu.

Mwishowe nikamfuata jikoni, anamenya muhogo.

"Bibi, nimekuudhi. Lakini sielewi."

"Huelewi nini, bwana mkubwa?"

"Kama mliinama vile, pamba aliishinda nani?"

Akaumenya muhogo ule ukaisha, akachukua mwingine. Niliogopa kuliko siku zote. Nilijua asiponijibu pale, hatanijibu tena.

Mwanangu, baadaye nilisoma shule ya usiku, nikapata cheti, tena nikawa wa kwanza, ingawa darasa lenyewe lilikuwa dogo. Sijakutana na somo lililonishika kama lile la jikoni. Filamu ziangalie, usiache. Ila ujue kamera husimama upande wa aliyeileta. Ukiona mgongo umeinama, usiuhukumu kwa kuutazama tu. Mtafute aliyekuwepo, ukae chini, umuulize kwa adabu, hata kama umechanganyikiwa kama mimi. Mola akupe subira ya kuuliza, na akubakishie mtu wa kukujibu, kama Bibi alivyonijibu mimi, akiweka kisu chini:

"Jini hakuwepo, mume wangu. Tulimtunga kumdanganya Mreno, na watoto wetu tukawaambia hivyo hivyo, maana mtoto hana siri. Mbegu tulizichemsha. Kila nyumba, kabla ya kwenda shamba. Wale uliowaona wameinama walikuwa wanapanda mbegu zilizoiva."