Rangi ya Mtumbwi Kwenye Taa za Gari

Nakumbuka siku moja kuliko ninavyoikumbuka hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni Jumamosi ambayo taa za gari letu zilikataa kuwaka. Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wanatawala, na hapa Uvira mtu mweusi mwenye gari lake alikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mume wangu, Kashindi, alikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja. Tajiri huyo alipofunga duka na kwenda zake, alimwachia gari kuukuu lililolala nyuma ya ghala miaka mingi, limejaa kutu, kuku wanatagia kwenye viti. Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, ila nilichekea jikoni.

Kashindi alikuwa na rafiki, Bahati wa mtaa wa Kavimvira, aliyejifunza umeme wa magari kwenye gereji moja ng'ambo ya mpaka, mji wa Usumbura. Wawili hao walikuwa chanda na pete. Bahati alitoa nyaya zote zilizoliwa na panya, akavuta mpya, akaunga taa. Tulipojaribu ziliwaka zote, za mbele na za nyuma, mpaka jirani akaleta watoto wake waone. Kazi iliyobaki ilikuwa kupaka rangi.

Hapo ndipo ujue mume wangu alikuwa mtoto wa nani. Baba mkwe alikuwa fundi wa mitumbwi, na mtoto wa fundi wa mitumbwi hujifunza kuziba kabla ya kitu kingine chochote. Ziwa letu halihitaji tundu kubwa ili likumeze. Basi Kashindi akalipaka gari kwa rangi ya mitumbwi, na kwa namna ya mitumbwi. Alifungua kila taa, akapaka mahali zinapokaa, ndani na nje, akapaka mpaka boliti na matundu yake, akarudia mara ya pili. Rangi ilipokauka akazifunga tena. Baba mkwe alilizunguka gari akitafuta mahali palipoachwa, hakupaona, akamsifu mwanawe. Lilipendeza kweli, siwezi kusema uongo.

Jumatatu gari lilipaswa kwenda kwa askari wa kukagua. Taa zisipowaka, hakuna ruhusa ya kutembea barabarani, na kwa mtu wa rangi yetu hakukuwa na neno la rudi kesho. Jumamosi asubuhi Kashindi akawasha. Taa ya kushoto ilitoa mwanga mwekundu wa kaa linalokufa, ya kulia ikanyamaza. Akaniweka kwenye usukani nikanyage breki, naye akaenda nyuma kutazama. Taa ya nyuma iliyopaswa kuongeza mwanga ndiyo iliyozimika.

Alihamisha balbu, sisi twaiita ampule, ya kushoto kulia na ya kulia kushoto, na upande wa kulia ukabaki kimya vilevile, kwa hiyo balbu hazikuwa na kosa. Akaazima betri ya lori, hali ikawa ileile. Akafuata nyaya kwa vidole tangu swichi hadi taa, hakuna iliyokatika. Mwishowe akaniuliza nani alikuja pale wakati yeye hayupo. Nikamwambia ukweli: Alhamisi Bahati alipita, akasifu rangi, akaenda zake, hakugusa kitu. Hilo la mwisho hakulisikia.

"Ni yeye," akasema. "Ameiba nyaya mpya, ameniwekea mbovu. Kikulacho kiko mu nguo yako."

Nilimshika mkono, nikamwomba angoje walau baba yake aje. Hasira hasara, mwanangu, lakini nani anaikumbuka methali wakati damu imempanda kichwani? Alipanda baiskeli mpaka Kavimvira, na pale barabarani, mbele ya mama yake Bahati na wachuuzi waliokuwa wakienda mpakani, akamwita rafiki yake mwizi na mwenye wivu. Kashindi aliporudi hakuweza kula, nami sikuweza kumtazama. Niliogopa kwamba tumepoteza gari na mtu kwa siku moja.

Jumapili tulipotoka misa, baba mkwe alikuja akaketi karibu na gari. Kashindi alikuwa akiifungua taa ya kulia kwa hasira, bisibisi ikamponyoka, ikakwangua ukingo wa taa na kuchubua rangi ya gari hadi chuma cheupe kikaonekana. Akanipa taa niishike, inaning'inia kwenye waya wake, swichi imewashwa. Mkono ulinichoka, nikaiegemeza pale palipochubuka. Ikawaka, mwanangu, mwanga wa kuumiza macho. Nikaiinua, ikazima. Nikairudisha, ikawaka tena.

Ndipo tulipoelewa. Umeme hutoka kwenye betri kwa waya, lakini ukishapita kwenye taa hurudi kwa kupitia chuma cha gari chenyewe, kile ambacho mafundi wetu wanakiita masi. Chuma lazima kiguse chuma. Sisi tulikuwa tumeiziba njia ya kurudi kwa rangi nzuri, tena mara mbili.

Baba mkwe alikohoa kidogo.

"Ile rangi, ni nani alipaka?"

"Ni minye, baba."

"Mbele ya kupaka, taa zilikuwa zinawaka?"

"Zilikuwa zinawaka."

"Na nyuma ya kupaka, ni nani aligusa taa?"

"Ni minye tu."

"Sasa mwizi iko wapi?" Mzee akasimama kwa shida. "Weye uliuliza ampule, ukauliza betri, ukauliza waya. Mikono yako haukuiuliza. Na minye nilikusifu, basi twende wote."

Walikwangua boliti kwa kisu changu cha jikoni, taa zote zikawaka, na hakuna aliyefurahi. Tukatembea watatu mpaka Kavimvira. Mama Bahati alitupokea mlangoni, akatuambia mwanawe amevuka kwenda Usumbura alfajiri, kwa sababu watu walikwisha kuanza kumsema. Kashindi akataka kuingia ndani aombe radhi. Mama yule akamzuia kwa mkono, taratibu, bila ukali.

"Yale ya jana uliyasemea mu barabara," alisema. "Ya leo usiyasemee mu nyumba yangu."

Basi Kashindi akasimama barabarani akasema. Alisema kwamba Bahati si mwizi, kwamba kosa lilikuwa la mikono yake mwenyewe, akarudia mpaka sauti ikakauka. Nilisimama kando yake nikiwatazama wapita njia, na moyo wangu ukazidi kuzama, kwa maana waliokuwa wakipita Jumapili hawakuwa wale wa Jumamosi.

Askari alilipitisha gari letu bila tatizo. Bahati alirudi baada ya muda, akampa Kashindi mkono, akala samaki kwangu. Lakini hapa Uvira hakupata tena gari la mtu la kutengeneza. Miaka mingi baadaye, kwenye kilio, mzee mmoja alinikumbusha kwa nia njema kabisa: "Yule Bahati aliyeiba nyaya za gari lenu." Nilimweleza yote tangu mwanzo. Akaitikia kwa kichwa kwa heshima, lakini nikaona hakuniamini.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kitu kikikuharibikia, iwe gari, iwe ndoa, iwe kazi, anza kutafuta pale mkono wako ulipogusa mwisho. Usiogope kuchubua kile ulichokipamba mwenyewe. Na kama huna budi kumshuku mtu, mshuku kimoyomoyo mpaka umalize kutafuta, kwa maana balbu utahamisha na betri utaazima, ila jina la mtu ukishalichafua huna msasa wa kulisafisha. Mungu akupe mikono myepesi ya kutafuta na mdomo mzito wa kutaja, na rafiki yako asije akauvuka mpaka alfajiri kwa sababu yako.