Jumapili Nane za Mama

Jumapili iliyopita nilipanda teksi mbili, yaani daladala za huku, hadi Soweto, kwenye mtaa aliokuwa akiishi bibi yangu mzaa baba, na sikuwa na mtu wa kumwona huko. Nyumba iliuzwa miaka mingi iliyopita. Nilitaka kupita tu. Nilishuka penye robot, ndivyo tunavyoziita taa za barabarani huku, nikaanza kutembea.

Ilikuwa saa saba mchana. Kama uliwahi kuishi mtaa ule zamani, unajua saa saba ya Jumapili ilivyokuwa ikinukia. Kila nyumba ilikuwa na kuku ndani ya oveni, na harufu zilikutana barabarani hata usijue ipi inatoka kwa nani. Safari hii nilitembea mtaa mzima, toka spaza, lile duka dogo la kona, mpaka kanisani, sikunusa kitu ila sabuni ya kufulia na moshi wa magari. Kwenye geti la nyumba iliyokuwa ya bibi alikaa msichana wa miaka kumi hivi, kapakata boksi jeupe la chakula, anakula wali na kuku kwa uma wa plastiki. Nilimsalimu kwa Kizulu, nikamuuliza kama leo kwao hawakupika. Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama kwao hawakuchota maji kisimani.

"Jumapili tunanunua, mama," akasema, akaendelea kula.

Basi nikarudi zangu Observatory, mtaa ninaoishi hapa Johannesburg, na wiki nzima hii nimekuwa nikiwaza Jumapili za utotoni mwangu. Ngoja nikusimulie, rafiki yangu. Siku hizi nina nafasi.

Baba yangu alikuwa mtu wa Soweto. Aliikimbia nchi akiwa kijana, kwa sababu za siasa, akaishi Tanzania miaka mingi. Huko Morogoro alimpenda mama, binti wa Tanga, mwanamke wa swala tano. Ili amuoe alisilimu, jambo ambalo hakuwahi kumwambia mama yake. Mimi nilizaliwa huko huko, mtoto wao wa pekee. Wakimbizi waliporuhusiwa kurudi kwao, tulirudi. Nasema "tulirudi", lakini aliyerudi ni baba peke yake. Mimi na mama tulikuwa tunakwenda mahali tusipopajua. Nilikuwa na miaka minane.

Tulipanga huku huku Observatory, mlimani, ghorofa ya nne. Na kila Jumapili tulikwenda kwa bibi. Hakuna aliyetuuliza kama tunataka. Mtoto wa kiume aliyepotea miaka yote ile amerudi. Jumapili atakula wapi kama si kwa mama yake?

Bibi, niliyemwita Gogo kwa Kizulu, alikuwa mtu wa kanisa, mnene, mwenye sauti ya kuamuru. Jumamosi jioni alikuwa ameshaosha, ameshakata, ameshaloweka. Asubuhi kabla ya ibada alimtia kuku kwenye oveni akizungukwa na viazi, na viazi vile viliiva ndani ya mafuta ya kuku mpaka vikawa na ngozi ya kuvunjika mdomoni. Kisha wali wa manjano, boga lenye sukari na mdalasini, spinachi, kabichi ya mayonezi, chakalaka, ule mchuzi wa mboga wenye pilipili, na bitiruti. Wenyewe wanakiita chakula cha rangi saba, na bibi alikuwa anazihesabu kweli. Kumenya bitiruti ilikuwa kazi yangu. Jumatatu nilikuwa nakwenda shule na vidole vyekundu, na sikuwa peke yangu. Darasa zima ungewajua waliomenya bitiruti jana.

Alimpenda mama mwanzoni. Mama alivaa ushungi, na kwa desturi za kule mke wa mtu anayejiheshimu hufunika kichwa mbele ya wakweze. Bibi aliwaambia majirani, "Mtazameni makoti wangu, hakuna aliyemfundisha." Makoti ndiye mke wa mtoto wako. Hakujua ushungi ule ulikuwa wa nini, na baba hakumwambia. Mama alipoacha nyama kwenye sahani, baba alisema tumbo lake ni dhaifu. Tukiwa njiani kurudi, mama alikuwa anamwambia, "Mweleze mama yako ukweli, nyama isiyochinjwa kwa jina la Mungu siwezi kula." Baba alijibu kila mara, "Taratibu, mke wangu. Vumilia kidogo." Basi mama akavumilia. Alikula wali, boga na bitiruti, akashukuru.

Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Baba alikuwa akila na ndugu zake nje uani, na mezani tulibaki wanawake: bibi, shangazi, mama na mimi. Kizulu nilikiokota mitaani kwa miezi michache tu, na nilijiona mtu mkubwa. Bibi akiuliza, nageuza. Mama akijibu, nageuza.

Jumapili moja bibi aliamua kumheshimu mkwewe. Alichukua sahani, akampakulia kwa mkono wake mwenyewe, paja lote la kuku juu ya wali, na akamwaga mchuzi wa nyama juu ya kila kitu, wali, boga, spinachi, kila kitu. Hata bitiruti iliogelea. Akaiweka mbele ya mama, akasimama kungoja. Asubuhi ile tulikuwa tumechelewa kutoka, mama alikunywa chai ya rangi tu. Aliitazama sahani. Kisha akaniinamia, akasema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, nina njaa."

Bibi aliweka kijiko mezani. Uso wake ulibadilika.

"Mama yako amesema nini?"

Ningeweza kusema. Nilikuwa mtu pekee pale mezani niliyejua lugha zote mbili. Lakini niliona aibu. Ningesemaje kwamba mama ana njaa, na meza imejaa hivyo? Nilihisi nitakuwa nimemtukana bibi na kumchongea mama kwa pamoja. Nikasema, "Hajasema kitu, Gogo."

Siku ile bibi hakutufungia chakula cha kwenda nacho, na hakuwahi kukosa kutufungia. Kwenye teksi mama alimwambia baba, "Mama yako hanitaki." Baba akasema ni uzee tu.

Jumapili iliyofuata mama alisema kichwa kinamuuma. Ya pili pia. Ya tatu hakutoa sababu, na baba hakuuliza. Zilikuwa Jumapili nane. Nazijua kwa sababu nilizihesabu kwenye kalenda ya jikoni, sijui nilidhani nini kitatokea nikizihesabu. Asubuhi mama alinisuka nywele, akanipigia gauni pasi, akatusindikiza hadi mlangoni. Jioni tukirudi tulimkuta amekaa kwenye kiti kile kile karibu na dirisha, amevaa nguo nzuri kama mtu anayesubiri wageni. Jikoni kulikuwa na sufuria ya pilau, ya watu watatu, imepoa, haijaguswa. Alijua tumekula. Alipika hivyo hivyo.

"Umeshiba?" ananiuliza.

"Nimeshiba."

Na nilikuwa nimeshiba kweli, rafiki yangu. Nguo zangu zilinukia kuku wa bibi. Nilikuwa naharakisha kuzivua.

Jumapili ya nane nilikuwa jikoni kwa bibi nikimenya bitiruti, naye anazungumza na shangazi kana kwamba mimi sipo. Akasema, "Mtoto nitamlisha, mtoto hana kosa. Lakini yule mwanamke alitutukana mezani kwangu. Alituita mbwa."

Niliacha kumenya. "Nani, Gogo?"

"Mama yako. Nilimsikia kwa masikio yangu. *Nina, nja.*"

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa Kizulu, *nina* ni "ninyi", na *nja* ndivyo unavyomwita mbwa ukimfukuza. Kiswahili cha mama, maneno mawili ya mtu mwenye tumbo tupu, kiliingia masikioni mwa bibi kama tusi. Na mimi nilikaa katikati, nikasema hajasema kitu.

Nilianza kulia. Nikamwambia yote kwa mkupuo: kwamba kwa Kiswahili maana yake ni kuwa na njaa, kwamba mama ni Mwislamu, kwamba nyama yao huchinjwa kwa jina la Mungu, kwamba hata tumbo lake halina ugonjwa wowote. Shangazi alishika mdomo. Bibi alivuta kiti akakaa, na alikuwa hakai jikoni Jumapili.

"Alikuwa na njaa?" akauliza. "Mezani kwangu?"

Nilidhani atafurahi kujua kwamba hakutukanwa. Lakini nilimwona akikunja uso kwa uchungu mkubwa zaidi kuliko wa kwanza. Kuitwa mbwa kulimkasirisha. Hili lilimuumiza. Alimwita baba kutoka uani, naye baba akaingia na sahani yake mkononi.

"Miezi yote hii mkeo anakaa na njaa nyumbani kwangu, na wewe unakula?"

Baba alikuwa mtu mzima aliyevuka mipaka ya nchi kwa miguu, lakini mbele ya mama yake alisimama kama mtoto aliyevunja kikombe. Bibi hakula chochote siku ile. Tulipoondoka alinishika bega mlangoni, akaniambia nimtamkie yale maneno tena, polepole.

Wiki ile baba hakumwambia mama kitu, na mimi nilisubiri anitangulie.

Jumapili iliyofuata, asubuhi, mlango ukagongwa. Mama alifungua. Alikuwa bibi. Hakuwa ameenda kanisani. Alikuwa amepanda teksi mbili na kupita katikati ya mji, na mkononi alikuwa na mfuko wa unga wa mahindi uliotobolewa tundu, na kwenye tundu kichwa cha kuku wa kienyeji kinachungulia, kizima, kina hasira. Alihema kwa muda. Kisha akamtazama mama, akajigonga tumbo, akasema kwa Kiswahili:

"Nina njaa."

Mama alinigeukia. Nikamweleza, mambo yote, na aibu yangu. Alimshika bibi mkono akamwingiza ndani.

Ghorofa ya chini aliishi jirani yetu kutoka Zanzibar, muuza viatu mjini. Alikuja na kisu, tukashuka wote uani penye kamba za nguo, akamchinja yule kuku. Bibi alisimama karibu kabisa, akaniuliza, "Amesema nini?"

"Amelitaja jina la Mungu, Gogo."

"Basi?"

"Basi."

"Eish," bibi akasema. "Hata mimi ningeweza kulitaja."

Nusu ya kuku yule iliingia kwenye pilau la mama, nusu bibi aliioka, na oveni yetu ilitoa moshi kwa kuwa ilikuwa haijawahi kutumika. Tulikula saa tisa. Mama alikula mpaka akalamba vidole, na bibi alimtazama kila tonge likiingia, kama mtu anayetazama dawa ikifanya kazi.

Baada ya hapo, Jumamosi, bibi alikuwa anapanda teksi kwenda kwa wauza nyama wa Kiislamu mjini, akanunua kwa ajili ya meza nzima ili asipike mara mbili. Aliwaambia wanawake wa kanisani kwamba nyama ile ni bora, haijaongezwa maji. Kuhusu baba kusilimu hakuwahi kusema neno, na baba hakuwahi kumwambia. Tulikula hivyo miaka tisa.

Halafu watu wakaanza kwenda mmoja mmoja. Bibi alifariki, na shangazi alijaribu kupika Jumapili mbili tatu akashindwa, akasema meza inamkaba. Nyumba ikauzwa. Baba naye akafuata. Mama alikaa na mimi kwa muda, kisha akasema anataka kuzikwa penye watu wanaomjua jina, akarudi Tanga kwa dada yake. Binti yangu anafanya kazi Sandton, kaskazini mwa mji, na anaishi huko huko; Kiswahili anakielewa, lakini hunijibu kwa Kiingereza. Jumapili analala, amechoka. Nikimwambia njoo nipike, ananiambia nisijisumbue, tuagize. Wakati mwingine tunaagiza. Tunakula kwenye maboksi, kila mtu na simu yake, na saa nane ameshaondoka.

Simlaumu. Mimi mwenyewe kupika rangi saba kwa mtu mmoja nimeshajaribu. Ukimaliza unatazama sahani, unaona kazi ya siku mbili, na hakuna wa kumwambia chukua bitiruti.

Leo mchana nimempigia mama. Masikio yake yamechoka sasa, lazima upaze sauti. Nikamuuliza jambo ambalo miaka yote hii sikuwahi kumuuliza.

"Mama, zile Jumapili ulizobaki peke yako, ulikuwa unafanya nini mchana kutwa?"

Nilidhani hatakumbuka. Akajibu hapo hapo.

"Nilikuwa nasikiliza lifti. Ikisimama ghorofa yetu, nasimama. Nikisikia viatu vinakwenda mlango mwingine, nakaa tena."

"Hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ulikuwa mtoto. Halafu ulikuwa unarudi umefurahi."

Kisha akaniuliza kama baridi imeanza huku. Nikamwambia imeanza. Akasema nivae soksi, tukaagana.

Nimekaa hapa tangu wakati ule. Kwenye jengo hili lifti ilikufa siku nyingi, watu wanapanda kwa ngazi, na miguu inasikika kuanzia chini kabisa. Sasa hivi kuna mtu anapanda. Amepita ghorofa ya kwanza, amepita ya pili, anapumzika, anaendelea. Ninapokuandikia haya nimegundua kwamba nimesimama.