Karani wa Wilaya Iliyofutwa

Saa mbili asubuhi, Yonatani Semahoro anafungua kibanda chake cha fotokopi huko Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Mikono iko kwenye kazi, macho yako kwenye simu. Kankindi, binti wa jirani, yuko Mbarara na barua ambayo mzee alimwandikia. Leo chuo cha uuguzi kinafunga usajili. Barua ikikataliwa, nafasi yake anapewa mwingine.

Tatizo ni neno moja. Walipopokelewa Uganda, mama yake Kankindi, Mukamurenzi, aliulizwa na karani wa huko binti kazaliwa wapi.

"Nikajibu, ni fasi ya kwetu, Kabanju. Ye akaandika Fasi!" anasema Mukamurenzi. "Ni nani alizaliwaka Fasi?"

Karani yule hakujua kwamba Mkongo akisema fasi, anasema mahali tu. Kwa hiyo kitambulisho kinasema Fasi, cheti cha kuzaliwa kinasema Kabanju.

Na Kabanju yenyewe haipo tena. Wilaya hiyo ya milimani, Kivu Kusini, ilidumu miaka tisa, ikafutwa, vijiji vyake thelathini na vinne vikagawiwa wilaya mbili jirani. Semahoro, mwenye miaka 63, alikuwa karani wake wa vizazi. Vita vilipomtimua, alitoka na daftari la vijiji hivyo.

"Bibi yangu alinicheka njia yote," anasimulia, akimkumbuka mkewe. "'Benzako babebe masufuria, we unabeba karatasi za wilaya yenye ilishakufa!'"

Nakala ya ukurasa mmoja wa daftari hilo ndiyo aliyoambatanisha na barua ya kueleza kosa la Fasi.

Saa tano kasoro simu inalia. Ni Shamirah, wa ofisi ya usajili ya chuo.

"Mzee, hii Kabanju kwa kompyuta hakuna. Fasi pia hakuna. Sasa wewe unajua aje?"

"Angalia cheti, mama, pale chini, ku fasi ya sahihi."

"Fasi tena, mzee!"

"Soma tu jina."

Karatasi zinachakarika.

"Se-ma-ho-ro. Eh! Kumbe ni wewe uliandika huyu mtoto?"

"Ni miye. Alilia kushinda bote siku ile."

Shamirah anacheka. "Basi nimegonga mhuri. Ameingia."

Semahoro anakaa juu ya ndoo, anashusha pumzi ndefu. Mukamurenzi, aliyekuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi, anapiga vigelegele hadi wateja wanageuka.

Sasa mzee anataka kuichapa historia ya Kabanju yote, kijiji kwa kijiji, kabla wino wa daftari haujafifia. Jina la kitabu amelipata leo: *Fasi ya Kwetu*.