Mshale Kwenye Kioo cha Mbele

Baba alipopata mafao yake kutoka shamba la kahawa la Oldeani, alikokuwa dereva wa trekta tangu kabla sijazaliwa, alitaka kitu kimoja tu: gari la kumpeleka mama kliniki. Goti la mama lilikuwa limeharibika kiasi kwamba kila aliposhuka Karatu kwa bodaboda alilia njia nzima, halafu akasema ni vumbi.

Gari likapatikana mjini Karatu, na kazi ya kulikagua nikapewa mimi. "Si umesoma?" baba alisema. Nilisomea maendeleo ya jamii, lakini sikuona njia ya kumweleza. Nikaingia mtandaoni.

Nilisoma mno. Kufikia siku ya kwenda, nilikuwa na hofu moja kuliko zote: lisije likawa gari la kukodishwa kwa watalii wanaojiendesha wenyewe. Gari la namna hiyo, nilijiaminisha, halina mwenyewe. Anayelitumbukiza shimoni leo kule Ngorongoro, kesho yuko kwenye ndege; mlio unaobaki atausikia mwingine. Na mafao hayaji mara mbili.

Muuzaji alitupokea kwa kicheko. "Karibu, mzee wangu. Hili lilikuwa la mama mmoja, mwalimu. Kanisani, sokoni, nyumbani. Basi."

"Mwalimu gani huyo asiyekwenda shule?" mama aliuliza, akiwa ameketi kwenye ngazi ya duka, mguu ameunyoosha.

Nilipapasa mazulia. Nilichungulia chini ya viti. Kwenye keria ya juu kulikuwa na mikwaruzo mipana, kana kwamba hema lilikuwa likifungwa pale. Au magunia ya mahindi ya mwalimu. Kila alama ilikuwa na maelezo mawili, na mimi niliyaamini yote mawili.

Mwishowe nikaketi kwenye usukani. Jua la jioni lilikipiga kioo cha mbele kwa upande, nikaona pale chini, juu kidogo ya dashibodi, gundi ya stika iliyobanduliwa. Nilipoinamisha kichwa ikawa na umbo: mshale ulioelekea kushoto.

Nani katika nchi hii anahitaji kukumbushwa, kila anapowasha gari, kwamba tunaendesha upande wa kushoto? Si mwalimu.

"Lilikuwa la kukodisha kwa wageni," nilisema, na sauti yangu ikanishtua mwenyewe. "Baba, tuondoke. Watu hawatunzi kitu kisicho chao."

Baba ndiye aliyesema.

"Kisicho chao. Lile trekta lilikuwa la nani?"

Nilirudisha macho kwenye ule mshale.

"Nilikuwa naliosha hata Jumapili. Mama yako akawa ananiuliza kama nimelioa."

"Na mpaka leo hujanijibu," mama alisema.

Uso uliniwaka. Ada yangu yote, tangu sekondari, ilitoka kwenye kiti cha trekta lile. Nilitaka kueleza kwamba sikumaanisha yeye, lakini nilikuwa nimemaanisha kila mtu.

Baba alimgeukia muuzaji. "Na wewe, mwalimu wako yuko wapi?"

Muuzaji alijikuna shingo. "Mzee, nisamehe. Watu wakisikia lilikuwa la watalii wanakimbia. Kama binti yako."

"Binti yangu hajakimbia. Amekaa ndani. Lete ufunguo tulipandishe Oldeani, tulisikilize."

Tukapanda wote, baba kwenye usukani, mimi kando yake, mama nyuma na muuzaji. Baba alizima redio, akateremsha vioo. Barabara ile haina kushoto wala kulia. Unafuata pasipo na shimo. Penye makorongo alipunguza mwendo, akatega sikio, akarudi nyuma, akapita tena palepale. Mbele, upande wangu, kitu kiligonga.

"Bushi," baba alisema. "Ni raba tu ya mguu wa mbele. Itabadilishwa."

Nilitaka kumuuliza kama ana hakika, na kama hakuna mlio mwingine uliojificha nyuma ya huo. Badala yake niligeuka kumwangalia mama. Alikuwa ameuweka mguu juu ya kiti, kisigino kimemgusa muuzaji pajani, naye hakuthubutu kusogea. Vumbi lilikuwa likiingia kwa madirisha yote manne, jekundu, zito kuliko siku zote.

Mama hakulia. Baba aliona kwenye kioo cha ndani, na hakutafuta mlio mwingine.