Nyumba Kwenye Kioo

Muuzaji wa kompyuta katika duka lile la Mwanza mjini ana mikono mikubwa kama ya mvuta makasia, lakini Hellen, anayekaa naye kaunta moja, hajawahi kumwona akishika mashine kwa pupa. Hufunua kifuniko kwa kidole kimoja, hupuliza vumbi lisilokuwepo, kisha huzisifu zile kompyuta za gharama kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwombea mgonjwa: memori gigabaiti sitini na nne, bodi nyepesi isiyopinda, betri ya kutwa nzima, kioo cha kugusa chenye kalamu yake.

Jana alikuja mhandisi wa majengo. "Chora chochote, niione hiyo kalamu," alisema. Muuzaji akainama. Mikono ile ikatoa nyumba ya bati yenye baraza, ngazi za mawe zikishuka hadi majini, na mwanamke ameketi mlangoni akichambua dagaa. Hellen alisahau risiti aliyokuwa akiandika.

"Safi sana!" mhandisi alisema. "Nyumba ya nani?"

"Ya mama. Ziwa lilipojaa liliibomoa usiku, naye akiwa ndani."

"Aisee, pole sana kaka," mhandisi alisema, huku akikisogelea kioo. "Haya, sasa futa tuone."

Muuzaji aligeuza kalamu upande wa kufutia. Alianza na ngazi, akafuata paa, akamwacha mama hadi mwisho. Kalamu ilisita juu yake kidogo, kisha ikapita.

"Umeona, bosi," alisema. "Haibakizi hata alama."