Nyayo kwenye Jicho la Maji

Siku ile naikumbuka kwa aibu, mwanangu. Ulikuwa ukame wa miaka ya sabini, na kijito chetu upande wa juu wa Isiolo kilikuwa kimebaki upana wa kiganja. Kilitoka kwenye jicho moja tu la maji. Mifugo yetu ilinyweshwa hapo, na yaliyobaki yaliteremka hadi mjini kwa watu wa Bulla Pesa.

Aliyepanga zamu za kunywesha alikuwa mjomba, kakake mama. Sisi Waborana humwita mtu huyo aba herega, na neno lake halipingwi. Basi mjomba akaanza kutupunguzia zamu, na mama alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Nikashuku. Wallahi nilishuku! Asubuhi tatu nikakuta nyayo mbichi za mtu pale majini, kabla ya mifugo kufika. Nikajiambia, huyu mzee anawanyweshea shemeji zake wa Garbatulla kisiri. Alama za kwato sikuziona hata moja, lakini mwenye kushuku haangalii hayo.

Sikumuuliza. Nilingoja watu wajae, nikapaza sauti: "Mjomba, alfajiri unampa nani maji?"

Kwetu, mpanga zamu akishukiwa hadharani hawezi kuendelea. Mjomba aliweka fimbo yake chini akaenda nyumbani.

Kesho yake nani wa kupanga? Mifugo yote ikavamia kwa pamoja, ikalikanyaga jicho la maji mpaka likazibwa na matope. Kijito kikakatika hadi mjini. Ng'ombe wa mama alikwama pale pale, akafa nikimwangalia.

Mjomba alikuja kufukua bila kuitwa. "Nyayo zilikuwa zangu," aliniambia, mikono ndani ya matope. "Chemchemi imechoka. Nilikuwa nazoa mchanga kila alfajiri, na zamu nikapunguza ipate kupumua."

Nililia, mwanangu, na ndevu zangu hizi. Siku ya nne maji yakarudi. Mama akamwandalia mjomba chai ya rangi, akamwomba radhi kwa kukosa maziwa. Mimi hakunitazama.

Kushuku sikukatazi; mwenyewe sijaacha. Lakini maji yakipungua, yafuate mpaka yanapotoka. Na mtu ukimshuku, muulize mkiwa wawili kabla ya kumtaja mbele ya watu. Haya, nenda. Mungu akujalie mvua mlimani na maziwa nyumbani, na ukikosea, akupe mtu wa kukusamehe.