Debe la Sita

Mwaka ule mume wangu aliposimamishwa kazi, funguo za nyumba zilibaki kwangu. Alikuwa anaosha na kutengeneza magari ya watalii pale Karatu mjini. Wageni walipoacha kuja, magari yakafunikwa maturubai, na vijana wakaambiwa waende nyumbani wasubiri simu. Simu haikuja. Mwezi wa pili akapanda basi kwenda Wasso, ambako alisikia kuna vibarua vya ujenzi, akaniachia watoto watatu na mama yake mzazi.

Nisiseme uongo, kazi ya kubana matumizi niliipenda. Wenzangu wamejaliwa kuimba kwaya, mimi nimejaliwa kunyima. Sukari niliifungia kwenye sanduku la nguo. Mafuta ya kupikia niliyapima kwa kifuniko cha chupa: vifuniko viwili kwa sufuria ya mboga, Jumapili vitatu. Sabuni ya mche niliikata kwa uzi, kila mtu na kipande chake, na ole wake atakayekisahau ndani ya beseni. Majirani walinicheka, kisha wakaja mmoja mmoja kuniuliza ninafanyaje. Niliwafundisha kwa madaha.

Lakini huku kwetu kijijini Qurus matumizi hasa ni mahindi. Ukitaka chumvi unauza mahindi, mtoto akipatwa na homa unauza mahindi, ukialikwa harusini unabeba mahindi. Anayeshika magunia ndiye anayeshika nyumba. Mavuno ya mwaka ule yalikuwa mabaya, tukapata magunia tisa. Mume wangu alipoondoka yalikuwa yamebaki manne, na mojawapo halikuwa la kuliwa nyumbani.

Hilo lilikuwa la shule. Binti yetu mkubwa alikuwa kidato cha tatu, shule ya kutwa, na wazazi tulikubaliana kwenye kikao kwamba kila mmoja atachangia gunia moja la mahindi kwa chakula cha mchana. Mwisho wa kupeleka ulikuwa mwezi wa saba, shule zikifunguliwa. Binti wa jirani yetu wa mlimani aliacha shule kwa sababu ya mchango huohuo. Alikaa nyumbani wiki mbili, ya tatu akapelekwa Arusha kufanya kazi za ndani, na hadi leo huko ndiko aliko. Wangu niliapa hataacha.

Gunia kamili ni debe sita. Nilipopima, langu lilikuwa na tano. Nikachanganya na dawa ya unga ya kuzuia wadudu, nikalishona mdomo kwa uzi mwekundu wa nailoni, nikaanzia kulia na kumalizia kushoto kwa mafundo matatu. Lile debe moja nilijua nitalipata tu, sikujua wapi, maana yale magunia matatu mengine ndiyo yalikuwa ya kutuvusha hadi mavuno. Kila asubuhi nikichambua mboga uani nilikuwa nalalamika kwa sauti, "Debe moja tu! Mtoto atakuja kukosa shule kwa debe moja!" Mama mkwe alikuwa anakaa pembeni akiota jua, shuka lake limemfunika mpaka kichwani, akinisikiliza.

Mume wangu ni kitindamimba, kwa hiyo mama yao alibaki kwetu. Alikuwa na nyumba yake ndogo nyuma ya yetu, na alipenda kujipikia mwenyewe. Mahindi ya kula nilimpimia mimi. Awali nilimpa debe moja kwa mwezi. Hali ilipobana nikampa nusu, nikamwambia, "Mama, huu mwaka tuvumilie." Akanijibu kwa Kiiraqw kwamba mtu mzima huwa hali chakula kingi. Kitu kimoja tu tulikuwa hatupatani: dawa ya dukani hakuitaka kabisa, alisema inamkereketa koo. Mahindi yake aliyachanganya na majivu ya jikoni kama walivyofanya wazazi wake, akayaweka kwenye mtungi. Kijiji kizima alikuwa amebaki yeye peke yake anayetumia majivu, na sisi vijana tulimtania kwamba ugali wake una rangi ya vumbi la barabarani.

Siku tatu kwa wiki nilikuwa nateremka mjini kuuza mboga. Nilitoka asubuhi, nikarudi jua likiwa limeelekea kuzama. Mama mkwe alikuwa amepungua, hilo niliona. Mikono ilibaki mifupa, na akisimama alishika ukuta kwanza. Nilijiambia ni uzee. Nikimkaribisha chakula cha kwetu alikuwa anasema, "Nimeshiba, mwanangu, wape watoto," nami sikubembeleza. Kusema kweli moyoni nilifurahi, kwa kuwa sahani moja ilikuwa imeokolewa.

Mwezi wa tano nilikwenda kufagia chumba cha magunia. Nikainama, nikaona mafundo ya uzi mwekundu yako kulia, na yako mawili. Nilisimama pale na ufagio mkononi. Watoto wadogo hawawezi kushika sindano ya gunia, mkubwa anashinda shuleni. Mume wangu yuko Wasso. Aliyekuwa anashinda nyumbani peke yake, siku tatu kwa wiki, alikuwa ni mmoja.

Ningefungua gunia lile siku ile, pengine nisingekuwa naandika haya. Sikulifungua. Mwenye duka la pembejeo alikuwa amenionya kwamba nikilifunguafungua dawa itapoteza nguvu. Lakini huo ni utetezi tu. Sikulifungua kwa sababu hasira ilikuwa imeshanipa jibu, na jibu lenyewe nililipenda.

Nilimkuta uani kwenye jua lake. Binti yangu alikuwa anafua sare, wadogo zake wanacheza karibu, na jirani yetu alikuwa upande wa pili wa ua akipalilia.

"Mama, nani amefungua gunia la shule?"

Akalitoa shuka usoni. "Sijachukua kitu chako, mwanangu."

"Haya, basi ni panya. Panya wa nyumba hii wamejifunza kushona."

"Mama," akaanza binti yangu kutoka kwenye beseni.

"Wewe nyamaza! Nikizungumza na wakubwa usiniingilie." Nikamgeukia tena bibi yake. "Unamwibia mjukuu wako mwenyewe? Ukiwa na njaa si useme?"

Niliyasema hayo kwa sauti ambayo jirani aliisikia, akaacha jembe. Mzee hakujitetea tena. Alijifunika shuka vizuri, akainuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani kwake. Nami nikaona kimya chake ni kukiri.

Kuanzia siku ile nilimwondolea nusu debe. Nikasema atapata bakuli moja la unga kila asubuhi, na aje kulichukua mlangoni kwangu mwenyewe. Alikuja. Asubuhi za huku kwetu mwezi wa sita ni baridi na ukungu, huoni hata choo kilipo. Alisimama mlangoni miguu imepauka, akanyoosha bakuli kwa mikono miwili, akasema asante. Watoto walikuwa wanatazama huku wakinywa uji. Gunia nililihamishia chumbani kwangu, nikalifungia kwa kufuli. Mume wangu alipopiga simu nilimwambia mama yake hajambo.

Wiki ya tatu hakuja mlangoni. Nilidhani amenuna, nikaacha mpaka jua lilipopanda. Nilipoingia kwake nilimkuta anahema kwa shida, mwili unawaka moto. Tukamkodia bodaboda, binti akakaa nyuma akimshikilia, mimi nikafuata na nyingine mpaka hospitalini.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Alimpima kifua, akasema ni nimonia. Kisha akaushika mkono wake juu ya kiwiko, vidole vyake vikauzunguka vikakutana. Akaniangalia mimi.

"Bibi huyu anakula nini?"

"Anakula tunachokula sisi," nikamjibu, na nilikasirika kuulizwa.

Alifariki siku ya nne.

Mume wangu alifika kesho yake akiwa na vumbi la Wasso mpaka kwenye kope. Watu walijaa. Msiba wa mzee kama yule ni mkubwa, ndugu walitoka Mbulu, wengine wakalala kwetu. Siku ya pili unga ukaisha, na mahindi ya kula pia. Mume wangu akaniita pembeni akaniambia tufungue lile gunia lililoko chumbani. Nikamwambia ni la shule. Akasema, "Watu watalala njaa kwenye msiba wa mama yangu?" Tukalitoa mpaka uani, wanawake wakaleta ungo na debe, nikakata uzi kwa kisu.

Jirani yetu, yuleyule aliyesikia siku ile, ndiye aliyeshika ungo. Mahindi yalipomwagika, yalimwagika na majivu. Majivu yalipanda juu, yakatua kwenye kanga zetu na mikononi. Nilidhani nimekosea gunia. Nikachovya mkono ndani: juu mahindi yalikuwa na majivu matupu, chini zaidi ndipo yakaanza yale yangu yenye harufu ya dawa.

"Pima," jirani akaniambia.

Tukapima. Debe la kwanza, la pili, la tatu, la nne, la tano. Gunia lilikuwa bado lina kitu. Likajaa la sita, na yakabaki ya kujaza viganja viwili. Hakuna aliyehitaji kuelezwa majivu yale ni ya nani.

"Nilikuwa namwona akivuka ua na bakuli chini ya shuka, ukishateremka mjini," jirani akasema taratibu. "Nilifikiri umemtuma. Siku ile ulipomfokea, nikadhani kumbe alikuwa anachukua."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi. Nililia kwa sauti, na waliokuwa mbali wakadhani ninamlilia mkwe, wakaja kunipa pole. Nilikuwa nalia kwa aibu. Alilisikia lile debe moja langu kila asubuhi akiwa kwenye jua lake, akaniletea bakuli baada ya bakuli kutoka kwenye ile nusu niliyompimia, mimi nikamwita mwizi mbele ya wajukuu zake. Nikamsimamisha mlangoni kwenye baridi kuomba unga.

"Hili halipikwi," jirani akawaambia wenzake. "Marehemu mwenyewe alishaonyesha ni la nani." Akaenda kwake akarudi na unga, na wengine wakaenda makwao wakarudi na unga. Mimi nikapewa sindano nilishone tena. Nikajichoma mara mbili.

Mwezi wa saba nilikodi mkokoteni wa punda, nikalipeleka shuleni. Mtunza stoo alifungua mdomo wa gunia, akakunja uso.

"Mama, mahindi gani haya yana majivu? Sipokei mpaka uyapepete."

Nikaazima ungo jikoni kwao, nikakaa nyuma ya stoo nikaanza. Binti yangu aliniona akatoka darasani, akachukua ungo wa pili. Tulipepeta mpaka mimi nikashindwa kujizuia.

"Bibi yako hakuiba," nikamwambia. "Nilimwonea. Alikuwa anatujazia."

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

Akaangalia ungo wake. "Mimi ndiye niliyekuwa nashona. Siku ambazo hatukuwa na vipindi vya jioni niliwahi kurudi, ananiambia nimfungulie, anamwaga, mimi nashona. Macho yake yalikuwa hayaoni tundu la sindano."

Binti yangu anatumia mkono wa kushoto. Tangu mdogo nimekuwa nikimkemea awe anakula kwa kulia, na kila kitu anachokianza hukianzia kushoto na kukimalizia kulia. Mafundo yale niliyaangalia mwezi wa tano, nikaona mwizi, nikashindwa kuona mtoto niliyemzaa mwenyewe.

"Kwa nini hukusema?"

"Nilianza kusema. Ukaniambia ninyamaze." Alipepeta kidogo, akaongeza, "Baadaye Bibi alinikataza. Alisema ukijua utamrudishia, halafu debe litapungua tena. Aliniambia yanambakia, mama. Aliniambia anashiba."

Hakulia aliposema hivyo, na hakuniangalia. Mtunza stoo alipokea gunia mchana.

Mume wangu alikuwa hajarudi Wasso, nikamweleza yote jioni ileile. Alitoka nje akakaa kwenye kiti cha mama yake mpaka giza likaingia, na tangu hapo jambo hilo hajalitaja. Magari ya watalii yameanza kwenda tena juu kreta, kule kwenye wanyama, na yeye amerudishwa kazini. Sukari haifungwi tena sandukuni. Mafuta bado nayapima, hiyo siwezi kuacha.

Binti yuko kidato cha nne sasa. Haniombi kitu, hata sabuni. Tukikaa kula anakula nusu ya sahani, anaisogeza kwa wadogo zake na kusema ameshiba. Mtu wa nyumba hii akiniambia ameshiba simwamini tena. Ninairudisha sahani mbele yake na kukaa pembeni yake mpaka amalize.